Sumu ya Nge na Bakteria Wasiosikia Dawa

Hotuba kwa wananchi, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum.

Masheha wetu, walimu, wauguzi, wenye maduka ya dawa, wazee wangu, na nyinyi vijana wa skuli mliojazana huko nyuma, asanteni kwa kuitika wito. Nimeombwa nizungumze juu ya nge. Kuna watu wamepokea ujumbe kwenye simu unaosema kwamba sumu ya nge inaua bakteria walioshinda antibiotiki zote, wakataka kujua kama ni kweli au ni katika yale yale ya kusambaziana. Najibu mapema, ili mwenye kuku wake wa kufungia aondoke na jibu: ni kweli, inaua. Lakini jibu hilo peke yake halina uzito, na kwa nini halina ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Kuua bakteria si kazi. Jiki inaua. Siki inaua, maji yanayochemka yanaua, jua kali la mchana linaua. Mtie bakteria kwenye sahani ya maabara, ummwagie petroli, atakufa, na unaweza kupiga picha ukairusha. Kinachoitwa dawa ni kitu kinachomuua bakteria akiwa ndani ya mwili wa mtu, na mtu mwenyewe kisimdhuru, au kimdhuru kidogo cha kuvumilika. Penisilini ilipata heshima yake kwa hilo: inavunja ujenzi wa ukuta ambao bakteria anao na seli ya binadamu haina. Kwa hiyo mkisikia kitu chochote kimeua bakteria, kiwe nge, kiwe mwarobaini, kiwe kitunguu thomu, ulizeni: kiliwaulia wapi, na kilimwacha nani salama? Swali hili nitalirudia mpaka mnichoke.

Basi ni nini kinachowapeleka watu wenye shahada zao wakafukue mawe kutafuta nge?

Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's, London, Alexander Fleming aliona ukungu umeua bakteria kwenye sahani yake. Ndiyo mwanzo wa penisilini. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, dawa ikiwa bado changa, alionya kwamba mtu akiitumia kwa kiwango kisichotosha atawalea bakteria wanaoistahimili. Haukupita muda mrefu, maneno yake yakathibitika.

Watu husema bakteria wamezoea dawa. Bakteria hawazoei dawa kama mtu anavyozoea pilipili. Ndani ya kidonda kimoja mna mamilioni yao, na katika mamilioni hayo wamo wachache ambao kwa bahati tu wana kinga: kimeng'enya kinachoikata dawa vipande, au pampu inayoitema nje, au pale mahali dawa ilipokuwa ikishika pamegeuka umbo. Dawa inapoingia inaua wenzao na kuwaachia wao uwanja. Wanazaana. Na baya zaidi, wanapeana: kipande cha jeni kinachobeba usugu huo kinahama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwengine, hata wa jamii nyengine kabisa. Wataalamu wa Wizara wanaliita jambo hili usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, katika mwaka 2019 peke yake maambukizo sugu yaliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na yalihusika katika vifo milioni 4.95.

Lakini hesabu za dunia hazimnyimi mtu usingizi. Nizungumze za kwetu.

Zanzibar tumeisukuma malaria chini. Tangu karibu mwaka 2008, ukiwapima wananchi kwa jumla, wenye vimelea vya malaria ni chini ya asilimia 1. Ni kazi kubwa na tunastahili kujisifu nayo. Ila homa hazikuisha. Mtoto bado anachemka usiku, mama bado anafika kituoni alfajiri, mtoto anapimwa, malaria hakuna. Mhudumu afanye nini? Hana kipimo cha kumwambia hiki ni kirusi au ni bakteria, na mama hakutoka Kangagani na mtoto mgongoni ili aambiwe arudi akampe maji. Anaandika antibiotiki. Mwaka 2011 watafiti waliwachunguza hapa Zanzibar watoto 677 wenye homa, wa chini ya miaka 5, kwa vipimo ambavyo kituo cha kawaida hakina. Watoto 500 waliandikiwa antibiotiki. Walioonekana baadaye kuwa na maradhi yaliyozihitaji ni 152. Wengi wa waliobaki walikuwa na virusi vya njia ya hewa, ambavyo antibiotiki hazivigusi na ambavyo mwili wenyewe huvimaliza.

Simlaumu mhudumu. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake, saa kumi na mbili za asubuhi, foleni imefika mlangoni, ningeandika na mimi.

Na hapo sijafika dukani. Rangi mbili, vile vidonge vya antibiotiki vyenye unga ndani, zinauzwa mbili mbili, nne nne, kwa kadiri ya pesa iliyomo mkononi. Wengine hata hawazimezi. Wanakifungua kidonge na kuumwaga unga wake kwenye kidonda, na wapo wanaoumwaga pale pale mtoto alipodungwa na nge. Hili niliseme wazi kwa kuwa ndilo linalowakutanisha nge na antibiotiki katika nyumba zetu: sumu ya nge si bakteria. Unga ule hauifanyi kitu. Mtoto akidungwa, oshani mahali hapo kwa maji na sabuni, wekeni kitambaa cha baridi, mpeni paracetamol ya kiasi chake. Akianza kutoka mate mengi, jasho, kutetemeka viungo, au kupumua kwa shida, hospitali wakati huo huo. Msichanje, msifunge kamba.

Sasa twende Meksiko. Mashariki ya nchi ile, katika jimbo la Veracruz, yupo nge ambaye jina lake la kitaalamu ni Diplocentrus melici. Lourival Possani wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko, mtu aliyezishughulikia sumu za nge kwa miongo mingi, alimkamua pamoja na wenzake. Kumkamua nge si kumbana kwa vidole. Anaguswa kwenye mkia kwa umeme mdogo, kitone kinachungulia kwenye ncha ya mwiba, kinapokelewa na mrija mwembamba wa kioo. Walichokiona ni kwamba majimaji ya nge huyu yakikaa hewani yanageuka rangi. Mtu mwengine angesema yameharibika, akamwaga. Wao wakauliza ni nini kinachogeuka rangi mle ndani.

Sampuli ikapelekwa Marekani, Chuo Kikuu cha Stanford, kwa mkemia Richard Zare na watu wake. Kiasi walichokuwa nacho ni nusu ya mikrolita. Mbu akikunyonya mara moja tu anaondoka na mara kumi ya hicho. Kwa kitone ambacho jicho linakipoteza, walitakiwa waseme molekuli gani imo na kila atomu imekaa wapi. Wakazipata mbili, zote za jamii ya benzokwinoni, moja nyekundu na nyengine ya buluu. Kisha wakafanya lile ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: wakazitengeneza wenyewe, mezani, kwa kemikali za kununua, pasi na nge yeyote.

Zikarudishwa Meksiko zijaribiwe. Ile nyekundu iliwaua stafilokoka, bakteria wa majipu na vidonda vinavyooza, ambao wakiingia kwenye damu humuua mtu. Ile ya buluu iliwaua bakteria wa kifua kikuu, wakiwemo waliokuwa sugu kwa dawa zaidi ya moja. Kisha panya walioambukizwa kifua kikuu walipewa ile ya buluu, na bakteria waliuawa bila ya utando wa ndani wa mapafu yao kuharibika. Ripoti ilitoka Juni 2019.

Mimi nilipoisoma, penye bakteria nilipita haraka. Nilisimama penye mapafu ya panya, kwa sababu benzokwinoni ni jamii ya kemikali zenye hasira, nyingi zake huunguza seli za mtu kama zinavyounguza za bakteria. Kwamba kulikuwa na kiwango kinachomuua mmoja na kumwacha mwengine, hapo ndipo penye habari. Hata hivyo panya ni panya. Molekuli zile bado hazijawa dawa ya binadamu, wala hakuna duka halali linalouza. Anayekuuzia, anakuuzia kitu chengine.

Anayejua kifua kikuu anajua kwa nini hilo la buluu limewasisimua watu. Kifua kikuu cha kawaida ni miezi 6 ya vidonge bila kukosa. Kile sugu, mpaka juzi, kilikuwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na miongoni mwa dawa zake zilikuwemo sindano zilizowaacha baadhi ya wagonjwa viziwi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza tiba ya vidonge ya miezi 6 kwa wengi wao, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini bakteria hawajasaini mkataba kwamba dawa hizo mpya hawatazikataa.

Habari ya rangi ni ya nge mmoja. Nge walio wengi waliochunguzwa wana silaha ya namna nyengine: peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Utando wa bakteria kwa upande wa nje una chaji hasi nyingi, na peptidi hizi zina chaji chanya, basi zinavutwa. Ikifika, peptidi inajilaza juu ya utando, inajisokota, inazama ndani yake, utando unatoboka na vilivyomo vinamwagika. Seli zetu kwa nje hazina chaji hasi kiasi hicho, na utando wake unakazwa na kolesteroli, ndiyo maana zinatarajiwa kupona. Uzuri wa njia hii ni kwamba bakteria aliyejifunza kukata penisilini vipande hafaidiki nayo hapa, kwani anapigwa mahali pengine kabisa. Kwa nini nge awe na kitu cha kuua bakteria, wakati chakula chake ni wadudu? Wengine wanadhani kinalinda tezi ya sumu isioze, kwa vile mwiba unaingia kwenye kila aina ya uchafu. Wengine wanasema kinatoboa seli za mdudu ili sumu nyengine zipite. Nge wapo duniani kwa zaidi ya miaka milioni 400. Walikuwa na muda wa kutosha wa kuyafanya yote mawili.

Mwaka 2009 watafiti wa China walichapisha habari za peptidi waliyoiita imkroporini. Ni fupi, ina asidi amino 17 tu. Ilizuia stafilokoka, hata wale sugu kwa antibiotiki ya methisilini wanaoogopwa mahospitalini, na iliwaponya panya walioambukizwa. Ilitoka kwa nge aitwaye Isometrus maculatus, na huyu msimwone wa mbali. Ni mwembamba, ana madoa madoa, na amesafiri na vyombo vya baharini mpaka akaenea kwenye miambao na visiwa vya nchi za joto dunia nzima.

Sasa lile swali langu. Mwaka 2001 zilielezwa peptidi mbili za nge mkubwa mweusi wa Afrika Magharibi, Pandinus imperator. Zikaitwa pandinini 1 na pandinini 2. Ya pili iliua bakteria vizuri, ikaua na kuvu. Ikapasua pia chembe nyekundu za damu. Kwisha. Kitu kinachopasua chembe nyekundu huwezi kumchoma mgonjwa sindano yake. Na hiyo ndiyo ajali ya peptidi nyingi za nge: haziwezi kutofautisha vya kutosha utando wa adui na utando wetu.

Niwaeleze kipimo chenyewe kinavyokwenda, maana watu wanafikiri ni maajabu. Una sahani ya plastiki yenye visima 96. Kisima cha kwanza unatia kitu unachokipima kwa kiasi unachokijua, cha pili nusu yake, cha tatu nusu ya nusu, na kuendelea. Kila kisima unatia bakteria wenye hesabu moja ndani ya mchuzi wao wa kuotea. Unaiweka sahani kwenye joto la nyuzi 35 mpaka 37 usiku kucha. Asubuhi unaangalia. Kisima kilichochafuka, bakteria wameota. Kilicho safi, wamezuilika. Kiasi kidogo kabisa kilichobakia safi, hiyo ndiyo namba yako ya kwanza. Halafu unachukua chembe nyekundu za damu na kutafuta ni kiasi gani kinaanza kuzipasua: namba ya pili. Ile ya kwanza ikiwa ndogo mbali sana na ya pili, una jambo la kuendelea nalo. Zikikaribiana, ulichonacho ni sumu, na hilo ulilijua tangu ulipomkamata nge.

Ujumbe ule wa kwenye simu ulizungumzia namba ya kwanza tu. Siku zote huzungumzia ya kwanza tu.

Baada ya hapo safari ndiyo inaanza. Damu ina vimeng'enya vinavyozitafuna peptidi kabla hazijafika. Chumvi ya mwili inapunguza ule mvutano wa chaji. Kutengeneza peptidi kiwandani ni ghali kuliko kutengeneza kidonge cha kawaida. Na hata ukivuka yote hayo, unaweza ukaangukia mlangoni. Mwaka 1987 Michael Zasloff huko Marekani aligundua peptidi kwenye ngozi ya chura wa Kiafrika, akaziita magainini. Kutokana nazo ikatengenezwa dawa ya kupaka vidonda vya miguu vya wenye kisukari, peksiganani. Ilipita maabara, ikapita kwa wanyama, ikafika hatua ya tatu ya majaribio kwa watu. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikataa, kwa kuwa haikuonekana kuwa bora kuliko dawa zilizokuwepo. Haikuwa sumu. Iliua bakteria. Imekataliwa.

Kuna jengine linalonikera zaidi. Wanaozitangaza peptidi husema bakteria hawatapata njia ya kuzikwepa, kwa sababu hawawezi kubadilisha utando wao wote. Kolistini ni dawa ya peptidi, ya zamani, na kwa miaka mingi ilikuwa ya akiba, ya mgonjwa ambaye nyengine zote zimeshindwa kwake. Inashika kwenye utando vile vile. Mwaka 2015 iliripotiwa kutoka China jeni iliyopewa jina mcr-1, inayobadilisha utando kidogo tu ili kolistini isishike, na jeni hiyo ilikuwa kwenye kile kipande kinachohama kati ya bakteria na bakteria. Ilikutwa kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Nguruwe wale walikuwa wakipewa kolistini kwenye chakula. Sisi hatufugi nguruwe, lakini kuku wa kisasa tunawafuga, na wapo humu ukumbini wanaotia unga wa antibiotiki kwenye maji ya vifaranga kila wiki hata kama hawaumwi. Sitaji mtu.

Nisionekane mtu wa kuvunja watu moyo tu. Wapo wazee humu waliowahi kumeza kaptopril kwa ajili ya presha. Asili yake ni sumu ya nyoka wa Brazili, Bothrops jararaca. Wataalamu waliitazama sumu inavyoshusha presha ya mtu aliyeumwa na nyoka huyo, wakaitambua peptidi inayofanya kazi hiyo, kisha wakaunda molekuli ndogo inayoiga. Marekani iliidhinishwa mwaka 1981, na leo ni kidonge cha bei nafuu. Hakuna hata chembe ya nyoka ndani yake. Na konokono wa baharini wa jamii ya Conus, ambao baadhi ya jamaa zake tunao kwenye miamba yetu ya matumbawe, ametoa zikonotidi, dawa ya maumivu makali inayopitishwa kwenye uti wa mgongo, iliyoidhinishwa mwaka 2004. Sumu hugeuka dawa. Ila anayeigeuza humwacha mnyama nyuma mapema na kubaki na molekuli.

Ndiyo maana nawaomba msinipigie ile methali ya dawa ya moto. Sumu nzima ya nge mmoja ina mamia ya vitu, vingi vyao ni vya kushambulia neva. Chenye faida, kama kipo, ni kimoja ndani ya mamia. Mtu akikuletea chupa ya mafuta aliyochemshia nge, au unga wa nge aliyechomwa, amekuletea vyote mia kwa pamoja, au amevichoma vyote kikabaki kisicho na faida wala madhara ila kwa mfuko wako.

Kuna na habari ya bei. Zare alisema galoni moja ya sumu ya nge ingegharimu dola milioni 39. Nilipoisikia nikajua kuna kijana atatoka na ndoo. Fanya hesabu kwanza. Galoni ya Kimarekani ni lita 3.8 hivi. Tuchukulie kila ukamuaji unakupa nusu ya mikrolita: utakamua mara milioni saba na nusu, na nge ukishamkamua lazima umngoje ajaze tena. Bei ile ni njia ya kusema haiwezekani. Hakuna mnunuzi anayesubiri gatini.

Mkiniuliza Pemba ichangie nini katika jambo hili, nitawaambia tuna kitu ambacho maabara kubwa zinakihitaji, na si nge. Ni bakteria wenyewe, waliotoka kwa wagonjwa wetu, wenye jina na historia. Pale Wawi ipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri tangu mwaka 2000. Damu za wagonjwa wa homa zilipooteshwa hapa kisiwani mwaka 2009 na 2010, yaani zilipotiwa kwenye mchuzi wa kuotea ili bakteria waliomo waonekane, bakteria wa homa ya matumbo ndio walioongoza. Kabla ya kuoteshwa, hizo zilikuwa "homa" tu. Dawa yoyote mpya, ya nge au ya udongo, lazima ijaribiwe kwa bakteria wanaoua watu kweli, mahali wanapoua, sio kwa wale wa kwenye friji za Ulaya walioteremka kutoka kwa mgonjwa wa miaka ya sitini. Na faida ya kuotesha haingoji dawa mpya. Daktari wa zamu akijua leo kwamba bakteria huyu hasikii amoksilini lakini bado anasikia dawa fulani ya bei rahisi, amemponya mgonjwa kwa kitu kilichomo kabatini. Mimi ukinipa pesa nichague, kikundi cha kukamata nge au vifaa vya kuoteshea damu vya mwaka mzima kwa hospitali moja ya wilaya, sitafikiri mara mbili.

Yaliyoulizwa baada ya hapo nayaandika kwa ufupi.

Bibi mmoja wa makamo aliuliza kama aliyewahi kudungwa na nge anapata kinga ya bakteria, kwani mumewe kadungwa mara nyingi msimu wa karafuu na haugui. Nilimjibu hapana, bibi. Kinachoingia ni kidogo mno, kinabaki mahali pale, na mwili unakisafisha. Mumeo ana afya yake tu, mshukuru Mungu.

Mwenye duka la dawa alisimama akasema kwamba yeye akikataa kuuza vidonge vinne mteja anavuka barabara na kuuziwa na jirani, basi yeye apate hasara kwa faida ya nani. Watu walipiga makofi. Nilimwambia ana haki, na kwamba mtu mmoja mmoja hawezi kulibeba hilo. Ama maduka yote ya mji yakubaliane na wakaguzi wayasimamie yote sawa, ama hakuna litakalobadilika. Hakuridhika. Na mimi nisingeridhika.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akauliza watafiti wanawapataje nge usiku. Nikafurahi, maana hilo sikulisema. Gamba la nge linang'aa kijani-buluu likimulikwa kwa taa ya miale ya urujuanimno, na taa ya namna hiyo wengi mnaijua: ndiyo ile ya kukagulia noti bandia. Akauliza kama ya babake dukani itafaa. Itafaa, kama giza limeshika na mwezi haupo. Apite kwenye mawe na majamvi ya zamani, ahesabu, aandike alipowaona na walikuwa wa namna gani, asimguse hata mmoja, na avae viatu vya kufunika.